Wakufunzi wa Mameneja wa Afya Wapatikane Nyumbani
Katika nchi nyingi zinazoendelea, daktari au muuguzi aliyefanya kazi vizuri wodini hupandishwa cheo na kukabidhiwa wilaya nzima, pamoja na bajeti yake, magari, ghala la dawa na mamia ya watumishi, ilhali chuoni alifundishwa kumtibu mgonjwa mmoja mmoja. Simlaumu anapokwama. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2006 ilitaja nchi 57 zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, lakini upungufu huo ndio unaozidisha haja ya mtu anayejua kuwapanga vizuri wale wachache waliopo.

Kozi ya ng'ambo humfaa aliyeipata, ila faida yake huishia kwake asipoandaliwa kuwafundisha wenzake. Akihamishwa, wilaya hurudi ilipokuwa. Ndiyo maana nauthamini mpango wa shahada ya uzamili ya afya ya jamii ulioanza Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, mwaka 1994 kwa msaada wa Rockefeller Foundation, shirika la hisani la Marekani, ukiwa sehemu ya mradi ulioitwa Shule za Afya ya Jamii Zisizo na Kuta, ambamo wanafunzi walitumia sehemu kubwa ya masomo yao wilayani.

Chukua mfano wa kituo kinachoishiwa chanjo kila mwezi. Darasani, jibu la haraka ni kwamba fedha hazitoshi. Mwanafunzi akitumwa kufuata njia ya ombi la chanjo, kuanzia daftari la kituo hadi ghalani, huenda akakuta kwamba ombi hulala siku kadhaa likingoja sahihi ya mtu mmoja ambaye mara nyingi yuko safarini, na kwamba dozi huagizwa kwa makisio ya zamani ya idadi ya watoto. Hapo hujifunza kupima tatizo, kubadili utaratibu mmoja, kisha kupima tena baada ya miezi mitatu, na mkufunzi anayeishi karibu hurudi kumuuliza matokeo, jambo ambalo mgeni aliyekuja kwa warsha ya wiki mbili hawezi kulifanya.

Mkufunzi huyo naye anahitaji ajira ya kudumu. Akitegemea posho za mradi, siku mfadhili anapoondoka naye hutafuta kazi nyingine, na mtaala mzuri hubaki kabatini. Kwa hiyo, nikisoma mpango wa mafunzo, natafuta kwanza mishahara ya wakufunzi katika bajeti ya serikali yenyewe, kisha mafuta ya gari la kuwafikisha vituoni.