Nimeacha kuwaambia "imba kwa tumbo"

Jumamosi kijana mmoja wa sauti ya tatu, ile ya juu ya wanaume, alisimama kando ya piano yangu akaimba ariya fupi ya Kiitaliano aliyoihangaikia wiki tatu. Alipofika noti ya juu, mishipa ya shingo ikamsimama. Alipomaliza hakunitazama. Aliangalia sakafu, akasema, "Mwalimu, najua nimeharibu."

Hakuwa ameharibu. Kurasa mbili zilikuwa zimetoka vizuri, pumzi imetulia, maneno yanasikika. Noti moja tu ndiyo iliyokabwa. Lakini alishajihukumu kabla sijafungua kinywa, na najua alikojifunza hivyo, maana nami nilipita huko huko: mazoezi ya kwaya, mwalimu anasimamisha watu arobaini kwa kupiga kofi, ananyoosha kidole. "Wewe! Unabana sauti. Imba kwa tumbo!" Nilikuwa na miaka 16. Nikakaza tumbo likawa kama ubao, na sauti ikazidi kubana. Miaka miwili niliimba nimejificha nyuma ya wenzangu, nikifungua mdomo bila kutoa kitu kila zilipofika noti za juu.

Maneno hayo bado yanasemwa kila wiki, tena na walimu wenye nia njema. Ila hewa haikai tumboni, inakaa mapafuni. Kiwambo, ule msuli ulio chini ya mapafu, mwanafunzi hausikii wala hauamrishi kama anavyoamrisha mkono. Anachoweza kukisikia ni mbavu za chini zikitanuka na kiuno kikijaa hadi mgongoni. Kwa hiyo namwambia aweke viganja ubavuni, avute hewa taratibu kama anayenusa pilau jikoni kwa jirani, kisha aitoe kwa "sss" ndefu bila kuziacha mbavu zianguke upesi. Hapo amepata kazi ya kufanya. Ukimwambia "unabana" umempa aibu tu, na mtu mwenye aibu anabana zaidi.

Mpiga gitaa ukimwambia waya umelegea, anaukaza. Mwimbaji chombo chake ni mwili wake, ukikikosoa anasikia umemkosoa yeye. Tena hajisikii kama sisi tunavyomsikia, kwa sababu sehemu ya sauti yake inamfikia kupitia mifupa ya kichwa. Ndiyo maana narekodi kwa simu, tunasikiliza pamoja, na anaanza yeye kusema.

Kijana wangu nilimuuliza, "Kwenye ile noti, umesikia nini mwilini?" Akafikiri. "Taya, mwalimu. Limekaza."

Nilikuwa nimeona mengine pia: ulimi umerudi nyuma, konsonanti pacha za Kiitaliano, kama "tt" au "ll", hazikutamkwa, na alichelewa kuingia ubeti wa pili. Sikuyataja. Ile noti ni A iliyo juu ya C ya katikati. Kuiimba ni kuzitetemesha nyuzi za sauti kooni, zenye urefu wa kama sentimita mbili mara 440 kila sekunde. Huwezi kufanya hivyo huku kichwani una orodha ya makosa manne. Tulishika taya peke yake. Kwanza kutetemesha midomo, brrr, kama mtoto anayeendesha gari la kuchezea. Kisha "u", kisha "o", mwisho irabu yenyewe ya neno. Mara ya nne noti ikatoka. Haikuwa kubwa, lakini ilikuwa huru. Sikumwambia hongera. Nilimuuliza amefanya nini tofauti, akajibu, "Sikuikimbilia." Nikamwambia aliandike neno hilo kwa penseli juu ya noti, kwa mwandiko wake.

Sifa nazo zinahitaji uangalifu. "Una sauti nzuri" haimwambii mtu arudie nini. Mwambie ni mstari wa tatu, pale alipounganisha maneno bila kukata pumzi. Wanafunzi wetu wana mengi ya kusifiwa, maana silabi za Kiswahili karibu zote huishia kwa irabu, jambo ambalo wengine wanalisotea wanapoanza Kiitaliano. Kizuizi chetu kiko kwingine. Katika "Mtakatifu" ile "m" ni silabi kamili na hupewa noti yake. Wengi hufunga meno pamoja na midomo, wakifika "ta" taya halijafunguka. Namwambia mwanafunzi, "Midomo ifunge, meno yaachane." Maneno manne tu, na mara nyingi yanatosha.

Kuna pia wakati wa kumwambia mtu asiimbe. Mwaka 1841, mjini Paris, Jenny Lind, mwimbaji wa opera kutoka Sweden, alimwendea mwalimu wa uimbaji Manuel García akiwa na sauti iliyochoka kwa kuimba kupita kiasi. García hakuanza na zoezi, alianza kwa kumnyamazisha kwa wiki kadhaa. Ndiye huyo aliyekuja kuziona nyuzi zake mwenyewe za sauti zikifanya kazi, kwa kioo kidogo cha daktari wa meno, mwaka 1854.

Nilimkumbuka García mwezi uliopita, binti mmoja wa sauti ya kwanza, ile ya juu ya wanawake, alipokuja amekauka koo baada ya mikesha mitatu mfululizo. Alitaka tuendelee kwa sababu mtihani uko karibu. Nilifunga piano, nikamwambia, "Mwanangu, hujakosea kitu, umechoka. Nenda ukanyamaze, na ukwaruzo usipoisha umwone daktari wa koo." Alilia kidogo. Alhamisi hii amerudi. Tumeimba kwa "mmm" dakika kumi na tano, noti tano tu, za chini, nikamruhusu aende nyumbani.