Kidonda kisichofunga wiki 4

Ndugu zangu wa mialoni ya Ziwa Victoria, kuanzia Kirumba hadi Ukerewe: kidonda cha ngozi ambacho hakijafunga kwa wiki 4 huenda ni saratani, kinahitaji kukatwa kinyama na kupimwa. Kukiunguza au kukibandika majani kunaficha ushahidi.

Kwa wenye ualbino, angalieni uso, masikio, shingo na migongo ya mikono. Mara nyingi huanza gamba gumu, linalokwaruza ukilipitishia kidole. Likiwahiwa kabla halijawa saratani, hugandishwa kliniki kwa naitrojeni ya kimiminika, yenye baridi kali sana, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo.

Melanoma, aina hatari ya saratani ya ngozi, ni adimu kwetu weusi, lakini ikija haifuati sehemu zinazopigwa na jua. Hujificha kwenye nyayo, viganjani, au kama mstari mweusi chini ya kucha moja unaozidi kupanuka. Wengi hudhani ni mwiba. Doa likatwe lote pamoja na ukingo wa mm 1 hadi 3 inapowezekana. Kulikwangua juujuu ni kosa kubwa, kwa sababu tiba hupangwa kwa unene wake: usiozidi mm 1, upasuaji unaofuata huondoa pia ukingo wa ngozi wa sm 1, ukizidi mm 2, sm 2. Kinyama kitumbukizwe papo hapo kwenye fomalini ya 10% (dawa ya kuzuia kinyama kisioze), angalau mara 10 ya ujazo wake. Fomalini ikiwa kidogo, kinyama huoza katikati kabla ya kufika maabara.

Dawa za kuamsha kinga, kama pembrolizumab (iliyoidhinishwa mwaka 2014), zimerefusha maisha ya wengi ambao melanoma yao imeshasambaa. Bei yake haishikiki kwa familia ya mvuvi. Leo jioni mkinawa miguu, geuzeni nyayo mziangalie.