Ubichi wa Uzeeni

Somo: Zaburi 92:12–15

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Asubuhi ya kwanza baada ya kustaafu niliamka saa kumi na moja kama kawaida yangu. Nikaoga, nikavaa shati la kazini, nikafunga kamba za viatu, ndipo nikakumbuka kwamba hakuna ninakokwenda. Nilikaa pale kwenye kochi hadi chai ikapoa. Swali lililonijia halikuwa la pensheni. Nilijiuliza: sasa mimi ni nani?

Wengi wenu mmeshakutana na swali hilo, na wengine liko njiani linawajia. Ndiyo maana wiki hii nimependa tumtafakari mtu mmoja ambaye habari zake nimezifuatilia kwa miaka: Bernhard Langer, mcheza gofu wa Ujerumani, muumini mwenzetu, ambaye amecheza mashindano ya kulipwa hadi umri ambao wenzake wengi wamebaki kusimulia ya zamani.

Najua gofu kwetu inahesabiwa mchezo wa wenye nazo. Langer hakuwa nazo. Alizaliwa mwaka 1957 Anhausen, kijiji cha Bavaria karibu na mji wa Augsburg. Baba yake, Erwin, alikuwa fundi muashi, na uhai wake wenyewe ulikuwa wa kuponea chupuchupu: baada ya vita aliruka kutoka kwenye treni ya wafungwa iliyokuwa ikielekea Siberia. Mtoto wake alipofika miaka tisa hivi akaanza kwenda kwa baiskeli kwenye klabu ya gofu ya Augsburg kubeba mikoba ya wachezaji, apate senti mbili tatu. Wachezaji wetu wengi wa Kenya na Tanzania wameingia kwa mlango huohuo, kama makedi.

Aprili 1985, akiwa na miaka 27, alishinda Masters, moja ya mashindano makubwa kabisa ya gofu, kule Augusta, Marekani, akavishwa koti la kijani la mshindi. Alikuwa na fedha, alikuwa na jina, na mwaka mmoja nyuma alikuwa amemwoa Vikki. Mwenyewe ameshuhudia mara nyingi kwamba pamoja na yote hayo, moyoni palikuwa patupu. Wiki iliyofuata, kwenye mashindano ya Hilton Head, mchezaji mwenzake Bobby Clampett akamkaribisha kwenye kikundi cha wachezaji wanaosoma Biblia pamoja. Somo la siku hiyo lilikuwa Yohana 3.

Mnamkumbuka Nikodemo na swali lake: "Awezaje mtu kuzaliwa, akiwa mzee?" Langer hakuwa mgeni wa kanisani. Alilelewa Mkatoliki na utotoni alihudumu altareni. Alichokuwa akikitegemea, kwa maneno yake, ni wema wake na kushika kwake amri. Jioni ile akasikia kwamba uzima wa milele ni zawadi, na zawadi hailipiwi. Hakukurupuka. Aliuliza maswali, akasoma, kisha akaamini.

Hapa naomba tuwe waangalifu. Habari kama hizi tumezoea kuzisimulia kana kwamba mtu aliamini, ndipo Mungu akaanza kumpa ushindi. Koti la kijani Langer alilipata kabla ya kuamini. Na baada ya kuamini, mateso makubwa kabisa ya kazi yake yalikuwa bado yanakuja.

La kwanza lilikuwa mtetemo wa mikono. Wacheza gofu wanauogopa kuliko jeraha. Mtu anaweza kuupiga mpira mita mia mbili na ushee bila shida, kisha akifika karibu na shimo, umbali ambao mtoto angemaliza, vidole vinashtuka vyenyewe na mpira unakwenda kombo. Ulikuwa umemsumbua tangu ujanani, ukaondoka, ukarudi, ukaondoka tena, ukarudi. Kuna wakati alilazimika kuibana fimbo kwenye mkono wake wa kushoto, akiushika mkono huo kwa vidole vya kulia, kama anayejifunga gango mwenyewe, huku dunia nzima inamtazama. Mimi nikiitazama picha ile huwa nafikiria mwiba wa Paulo. "Neema yangu yakutosha, maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu." Paulo aliomba mara tatu, na mwiba ukabaki.

La pili ni la Kiawah Island, Septemba 1991. Kombe la Ryder, Ulaya dhidi ya Marekani. Mechi ya mwisho, shimo la mwisho, na mpinzani wake ni Hale Irwin. Umebaki mkwaju mmoja wa futi sita hivi. Ukiingia, Ulaya inabaki na kombe. Ukikosa, kombe ni la Marekani. Langer anainama kutazama njia ya mpira na kuona alama za njumu kwenye nyasi, vishimo na vinundu vilivyoachwa na viatu vya waliopita. Kanuni za wakati ule hazikumruhusu kuvisawazisha. Anaamua kuusukuma mpira moja kwa moja, kwa nguvu kidogo. Mpira unapita kuliani mwa shimo. Uso wake ulivyokunjika wakati ule, mdomo wazi, macho yamefumbwa, sitausahau.

Baadaye amenukuliwa akisema kwamba aliyewahi kuwa mkamilifu duniani ni mmoja tu, naye walimsulubisha. Yeye amekosa mkwaju tu. Wiki iliyofuata alikuwa uwanjani kwao Ujerumani, akashinda. Mwaka 1993 alishinda Masters mara ya pili, na siku yenyewe ilikuwa Jumapili ya Pasaka. Mbele ya kamera alimtaja Bwana aliyefufuka.

Mwaka 2007 alitimiza miaka 50 akaingia kwenye mashindano ya wakongwe huko Marekani. Kwa wengi hiyo ni ngwe ya kujifurahisha. Kwa Langer ukawa msimu mrefu wa mavuno. Julai 2023, akiwa na miaka 65, alishinda US Senior Open, ushindi wake wa 46 kwenye mashindano hayo ya wakongwe, akaipita rekodi ya ushindi 45 iliyokuwa ya Hale Irwin, yuleyule wa Kiawah. Februari 2024 kano ya kisigino ikakatika, akafanyiwa upasuaji. Mei alikuwa amerudi kucheza. Novemba, na miaka yake 67, akaingiza mpira kutoka mbali kwenye shimo la mwisho kule Phoenix na kupata ushindi wa 47.

"Watazaa matunda hata wakati wa uzee, watajaa utomvu, watakuwa na ubichi." Mwaka ule wa kustaafu nilikuwa nikiusoma mstari huu nikitazama tunda. Siku hizi macho yangu yanarudi mstari wa 13: "Waliopandwa katika nyumba ya Bwana." Kupandwa ni kwa mizizi, na mizizi haionekani jukwaani. Mikono ya Langer imetetemeka, kisigino chake kimekatika, na ngozi yake imekunjamana kama ya mzee yeyote. Utomvu hauko huko.

Aprili 2025 alirudi Augusta kucheza Masters mara ya 41, akiwa ametangaza kwamba ndiyo ya mwisho. Ijumaa jioni, shimo la 18, alihitaji kumalizia salama ili aendelee kucheza Jumamosi, maana baada ya siku mbili waliotumia mikwaju mingi hutolewa. Umbali wa hatua chache tu. Watu wamejaa pande zote, kimya. Akaupiga. Mpira ukapita pembeni ya shimo, kama ule wa miaka 34 nyuma, akatolewa kwa mkwaju mmoja. Uso safari hii haukukunjika. Alivua kofia, umati wote ukasimama kumpigia makofi, naye akatembea taratibu kuelekea kwa familia yake.