Kufuli la tangi la kulia: Nakuru hadi Kisumu na lori la 1988

Nilijaza mafuta Nakuru jioni, na alfajiri tukaenda Molo kuchukua viazi vya soko la Kibuye. Lori langu ni la mwaka 1988, lina matangi mawili ya lita 100 kila moja: moja kulia, upande wa dereva, jingine kushoto, upande wa mtaro. Swichi ya dashibodi huchagua la kutumia. Geji ilikufa zamani.

Mwezi huo tangi la kulia lilikuwa limekauka mara mbili kabla ya wakati wake. Fundi wa kwanza alibadilisha filta. Wa pili akabadilisha pampu ya kuvuta mafuta. Mimi nilikuwa na jibu langu tayari: tanboi, kijana wangu wa lori. Nani mwingine analala ndani ya lori? Nikamkata shilingi 1,500, mara zote mbili, kisha nikanunua kufuli na kufunga kifuniko cha kulia. Cha kushoto sikukifunga, maana huko mafuta hayakuwa yakipungua. Hilo peke yake lingenishtua, lakini nilishapata mwizi wangu.

Tukaipita Mau Summit, kwenye baridi ya karibu mita 2,500, tukashika njia ya Kericho. Kwenye mwinuko karibu na Kedowa injini ikakohoa, ikalegea, ikazima.

Nilifungua kufuli na kusikiliza. Tundu la hewa la kifuniko likiziba, mafuta yanavyovutwa tangi hubaki bila hewa, na ukifungua utasikia fyuuu. Sikusikia kitu. Nikamulika ndani: sakafu ya tangi, basi. Lita 100 za jana jioni! Kijana alisimama kando, mikono nyuma, kimya. Tulipokuwa tunakaribia Molo alikuwa ameniambia, "Mzee, huku kwangu kunanuka dizeli." Nilimuuliza kama alitaka lori linuke marashi.

Nikahamisha swichi kushoto. Lakini mafuta yakishakatika hewa huingia kwenye paipu, na injini hizi hazinywi hewa. Nikalegeza skrubu ya juu ya filta, kijana akapiga pampu ya mkono. Kwanza lilitoka povu, likitema na kuchemka kama soda iliyotikiswa. Halafu viputo vikubwa, kimoja kimoja. Halafu dizeli tupu, uzi mmoja usiokatika, ukishuka kwenye vidole vyangu. Nikakaza skrubu yeye akiwa bado anapiga. Injini ikawaka mara ya pili.

Tulipofika Brooke, kwenye mashamba ya majani chai, mtu wa bodaboda alitukimbiza akipiga honi. Nilidhani anataka ugomvi, na kweli aliutaka. "Mzee, tangi lako la kushoto linatapika tangu kule juu! Unataka tuteleze tufe?" Nikashuka, nikazunguka. Ubavu wote wa kushoto ulikuwa umelowa, vumbi limegandia dizeli kama unga kwenye mandazi.

Gereji niliyoelekezwa Kericho ilikuwa ya mzee mmoja ambaye kwa nusu saa nzima hakushika spana. Alivunja kijiti cha mkaratusi akakichovya kulia: kikatoka kikavu, ncha tu imelowa. Kushoto kikatoka kimelowa hadi juu.

"Uliondoka Nakuru na ngapi?"

"Kulia 100. Kushoto kama 70."

"Hadi hapa mmechoma 35 hivi. Kushoto kumejaa. Hesabu iliyobaki iko kwenye lami."

Pampu ya injekta hupokea mafuta mengi kuliko inayochoma, na yanayozidi hurudishwa kwenye tangi kwa paipu nyingine. Hilo nalijua tangu utotoni. Ambalo sikuwahi kujiuliza ni: yanarudi tangi gani?

Mzee alihamisha lita kumi kutoka kushoto akazitia kulia. Akachomoa paipu ya kurudisha ya kushoto, akaielekeza kwenye mtungi, injini ikiwa inanguruma. Dizeli ikatiririka. "Sasa weka kulia." Nikabonyeza swichi. Ikaendelea kutiririka mtungini vilevile, na paipu ya kulia haikutoa hata tone. Kumbe nilipokuwa nikivuta kulia, masalio yote yalikuwa yakirudi kushoto, na kushoto kukishajaa yanapitia kifunikoni.

Chini ya chasi kuna vali mbili, ya kuvuta na ya kurudisha, zote zikiamriwa na swichi ile moja. Aliniwekea kidole juu ya kila moja, kijana akiwa anabonyeza swichi. Ya kwanza ilinigonga, tak. Ya pili ilikuwa kama jiwe. Akakwangua kutu ya kijani kwenye waya zake, wapi! Imekufa. Akanishauri nitumie tangi la kushoto pekee, kuvuta huko na kurudisha huko, mpaka nipate vali nyingine.

Kutoka Kericho barabara inashuka hadi joto likuingie kwenye shati. Awasi, Ahero na mashamba yake ya mpunga, injini ikiimba. Hatukusema mengi.

Kibuye, viazi viliposhushwa, nilimhesabia kijana 3,000 zake na kumwambia pole. Akazikunja bila kuzihesabu tena. Kile kijiti cha Kericho alikuwa amekileta, ameshakichonga alama kwa kisu, kila lita kumi na yake.

"Na kufuli, mzee?"

Nikamwambia akafungie nalo sanduku la spana, na ufunguo akae nao.