Hyde Park, penseli mkononi

Treni ya Poughkeepsie huondoka stesheni ya Grand Central, New York, na safari ni ya kama saa mbili. Nilikaa upande wa kushoto, maana ukielekea kaskazini Mto Hudson uko upande huo tangu treni inapoliacha jiji. Treni hiyo inaishia Poughkeepsie. Maktaba ya Franklin D. Roosevelt, rais wa Marekani tangu 1933 hadi 1945, inayohifadhi karatasi zake, iko Hyde Park, kama kilomita 10 mbele, na hapo ndipo wageni wengi hukwama: kwenye ramani panaonekana karibu, lakini si pa kutembea na begi mgongoni. Chukua teksi, na mpatane na dereva saa ya kukufuata jioni kabla hajageuza gari.

Jengo lenyewe halina makuu. Ni la mawe ya kuokotwa mashambani, kwa mtindo wa nyumba za walowezi wa Kiholanzi wa bonde lile. Roosevelt ndiye aliyechora mchoro wa awali kwa mkono wake, msanifu Henry Toombs akaukamilisha. Kabla ya Roosevelt, rais akitoka madarakani alifungasha karatasi zake kama mali ya nyumbani. Warithi wakaziuza, wakagawana, wengine wakazitia moto. Mwaka 1938 yeye akatangaza kwamba zake atawapa wananchi. Familia ikatoa eka 16 za ardhi, ujenzi ukalipiwa kwa michango ya watu binafsi, na tarehe 4 Julai 1940 jengo likakabidhiwa serikali. Makumbusho yalifunguliwa tarehe 30 Juni 1941. Watafiti walisubiri hadi 1946, baada ya Vita vya Pili vya Dunia na baada ya yeye mwenyewe kufa.

Ukitazama jengo kutoka bustanini utaona lilivyokua. Katikati ni lile la zamani. Mabawa mawili ya pembeni yaliongezwa mwaka 1972, kwa heshima ya mkewe, Eleanor. Ukarabati uliokamilika 2013 hauonekani kwa nje, kwa sababu fedha nyingi zilikwenda kwenye mifumo ya kudhibiti moto, joto na unyevu, ambavyo ndivyo maadui wa karatasi. Leo humo mna kurasa zipatazo milioni 17.

Si zote za Roosevelt, na hapa ndipo mtafiti mgeni hupotea. Rais huyu hakupenda watu waandike kumbukumbu mbele yake kwenye vikao. Ukifungua majalada yake pekee utakuta barua alizopokea kwa wingi, na mawazo yake kwa uchache. Ndiyo maana maktaba ilibidi ikue kwa kukusanya karatasi za waliomzunguka: msaidizi wake Harry Hopkins, mwanadiplomasia Adolf Berle, na juu ya wote Waziri wa Fedha Henry Morgenthau, ambaye shajara zake zinapita juzuu 800. Karatasi zipatazo 5,000 zilizokuwa kwa katibu wa Roosevelt, Grace Tully, hazikufika hadi 2010. Ushauri wangu ni kuanza kwa Morgenthau, ukishapata tarehe ndipo urudi kwa rais. Tena sehemu kubwa ya shajara hizo imo mtandaoni, huna haja ya kuzilipia nauli.

Majalada ya rais yamegawanyika makundi matatu makubwa, na lazima uyajue kabla ya kuagiza. OF (Official File) ni ya shughuli rasmi, yamepangwa kwa namba zilizotolewa na makarani wa Ikulu. PPF (President's Personal File) ni ya barua binafsi. PSF (President's Secretary's File) ni yale yaliyokaa kwa katibu wake, na ndiyo yenye nyama: barua ya mwanafizikia Albert Einstein ya Agosti 1939 kuhusu bomu la nyuklia imo humo. Mwandikie mhifadhi nyaraka wiki kadhaa kabla, ukitaja kundi, sanduku na jina la jalada kama yalivyo kwenye orodha yao. Ukiandika tu "natafuta habari za Afrika" utajibiwa kwa maswali.

Mlangoni unaonyesha pasi, unapewa kadi ya mtafiti, begi na koti vinabaki kwenye kabati. Ndani huingii na kalamu ya wino, ni penseli tu. Kompyuta na kamera bila flashi zinaruhusiwa. Sanduku la kijivu linaletwa kwa toroli. Unafungua sanduku moja, unatoa jalada moja, unaweka kibao mahali lilipotoka. Karatasi hazipangwi upya hata kama tarehe zimeparaganyika, kwa sababu mpangilio wenyewe ni ushahidi.

Utakuta vijikaratasi vyembamba vyenye muhtasari wa barua isiyokuwapo. Wengi hudhani barua imepotea. Haijapotea: karani aliiweka chini ya namba nyingine, nayo imetajwa hapo hapo, kwa hiyo agiza jalada hilo. Karatasi inayosema hati imeondolewa ni jambo jingine. Hiyo huombewa mapitio kwa maandishi, na majibu hayaji siku hiyo.

Hati niliyoitazama kwa muda mrefu zaidi ni rasimu ya hotuba ya kuliomba Bunge litangaze vita baada ya Japani kushambulia Pearl Harbor, kituo cha jeshi la majini la Marekani. Imechapwa kwa taipu kwamba 7 Desemba 1941 ni tarehe itakayoishi "katika historia ya dunia". Maneno hayo yamepigwa mstari wa penseli, na juu yake, kwa mwandiko wa haraka, Roosevelt ameandika neno moja lenye maana ya fedheha. Nakala aliyoisomea Bungeni haikurudi naye Ikulu. Ilikuja kuonekana mwaka 1984 katika majalada ya Seneti, Washington.

Kabla ya kupiga picha ukurasa wowote, piga kwanza lebo ya sanduku, kisha ya jalada. Ukifika nyumbani na picha 400 zisizo na lebo, hakuna hata moja utakayoweza kuinukuu.