Shingo, kiuno na cherehani: tiba nilizopitia na nilizobaki nazo

Ukitaka kujua ushonaji unavyokula mwili, usimtazame fundi mikono, mtazame mgongo. Kutwa kichwa kimeinamia sindano, bega moja limepanda likisukuma kitambaa, kiuno kimejikunja kwenye kiti kisicho na egemeo. Kwangu shingo ndiyo iliyotangulia kulalamika, nami nikaizoea. Kiuno kilikuja baadaye na hakikubali kuzoeleka. Niliinama kuokota mkasi nikashindwa kunyanyuka, na kesho yake maumivu yalikuwa yameshuka kwenye tako, yakapita nyuma ya paja hadi kwenye shavu la mguu, yakipiga kama umeme kila nikikohoa.

Mwenye mgongo unaouma hupewa ushauri na kila anayemwona akichechemea. Mmoja anasema lala chini, mwingine anasema nunua mkanda, wa tatu anamjua mtu aliyepona kwa sindano moja. Mimi nimepita kwenye tiba nyingi kati ya hizo, na nimeishia kuzipima zote kwa swali moja: hii inanisaidia kusogea, au inanifanya niendelee kukaa nikisubiri?

Daktari wa kwanza hakuanza na dawa, alianza na maswali, na baadhi yalinishangaza. Haja ndogo unaizuia vizuri? Sehemu za siri na mapaja kwa ndani zimekufa ganzi? Una homa? Umepungua uzito bila sababu? Umewahi kuugua saratani, kuanguka, kutumia steroidi, zile dawa kali za kushusha uvimbe, kwa muda mrefu? Kisha akanilaza chali akaninyanyua mguu ukiwa umenyooka, akanigonga magoti, akanisimamisha kwa vidole na kwa visigino. Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayotenganisha maumivu yanayoweza kusubiri na yasiyosubiri. Ganzi ya sehemu za siri pamoja na mkojo unaokataa kutoka au unaotoka wenyewe ni dharura ya usiku huohuo, kwa sababu neva za mwisho wa uti wa mgongo zikibanwa sana zinaweza zisirudi tena. Mguu unaozidi kulegea nao hauvumiliwi. Mimi sikuwa na hata moja.

Nikataka picha ya mgongo. Akaniambia, "Fundi, picha nitakuandikia ikiwa itabadilisha tiba." Niliona ananinyima haki yangu, mpaka aliponieleza kuhusu uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015 uliokusanya picha za watu wasioumwa mgongo kabisa. Wenye miaka 20, asilimia 37 walionyesha diski, ile mito laini iliyo kati ya pingili, zilizochakaa. Wenye miaka 50, asilimia 80. Wote hao wakitembea na kufanya kazi zao bila habari. Baadaye maumivu ya mguu yalipogoma kuondoka nilipigwa MRI, picha ya mashine ya sumaku, ikaonyesha diski imejitokeza kati ya pingili ya nne na ya tano za kiuno, na hilo lililingana na mahali mguu ulipokuwa unauma. Ripoti yenyewe ilikuwa na maneno mengine mengi ya kutisha kuhusu pingili nyingine. Hayo niliyaacha palepale kwenye bahasha, kwa kuwa nilishajua mgongo wa mtu wa umri wangu husomeka hivyo.

Kulala kitandani hatukubishana sana. Mwaka 1986 watafiti Marekani waliwalinganisha wagonjwa walioambiwa wapumzike kitandani siku mbili na walioambiwa siku saba. Wa siku mbili walikosa kazi kwa siku pungufu kuliko wenzao, na kupona hawakupitwa. Nilijilaza pale maumivu yaliponizidi, kisha nikazunguka ndani ya nyumba nikishika kuta.

Dawa nazo zina hadithi ndefu kuliko inavyodhaniwa. Parasetamoli, ambayo kila nyumba inayo, iliwahi kupimwa Australia kwa watu zaidi ya 1,600 wenye maumivu mapya ya kiuno, na matokeo ya mwaka 2014 yakaonyesha haikuwaharakishia kupona kuliko kidonge kisicho na dawa. Ibuprofeni na jamii yake, kama diklofenaki, hupunguza maumivu kiasi, lakini huchokonoa tumbo, na kwa mwenye vidonda vya tumbo, figo dhaifu, presha au moyo mgonjwa ni jambo la kuuliza kwanza. Nilizimeza kwa siku chache, baada ya kula, na nilizihesabu kuwa kazi yake ni kunifungulia dirisha la saa chache ili nifanye mazoezi. Ukimeza kidonge halafu ukaketi tena kwenye cherehani, dirisha limepita bure. Dawa kali za jamii ya morfini daktari alikataa kuniandikia. Utafiti mwingine wa Australia wa mwaka 2023, uliohusu kiuno na shingo kwa pamoja, haukuona zikishinda kidonge kitupu baada ya wiki sita, na uraibu wake unajulikana. Kwa ajili ya mguu nilijaribu pregabalini, dawa ya maumivu ya neva. Ilinipa kizunguzungu, na kizunguzungu mbele ya sindano inayokwenda kasi si jambo la kuchezea, kwa hiyo tuliipunguza taratibu tukaiacha. Niliposoma baadaye kwamba jaribio la mwaka 2017 halikuona faida yake kwa maumivu ya aina yangu, sikujuta.

Nilipofika kwa mtaalamu wa viungo ndipo mambo yakageuka. Dada yule alinilaza kifudifudi, akaniacha hapo kimya, kisha akaniambia niegemee viwiko. Kisha ninyooshe mikono, niinue kifua, nyonga ibaki chini. Rudia. Rudia tena. Kiuno kikaanza kuuma zaidi kuliko nilipoingia, nikamwambia, "Dada, unaniua." Akaniuliza, "Na mguu, kaka?" Nikatulia nisikilize. Shavu la mguu lilikuwa limenyamaza. Maumivu yalikuwa yamepanda hadi nyuma ya goti, na kabla sijaondoka yalikuwa kwenye tako.

Akanieleza kwamba hiyo ni dalili njema: maumivu yakiacha mguu na kurudi katikati, hata kama katikati kunauma kwa muda, mwendo huo unakufaa. Yakishuka zaidi mguuni, umekosea upande, acha. Mwanzilishi wa njia hii ni Robin McKenzie, mtaalamu wa viungo wa Wellington, New Zealand. Mwaka 1956 mgonjwa wake mwenye maumivu ya mguu alijilaza kifudifudi kwenye kitanda kilichokuwa kimeinuliwa upande mmoja, kikampinda mgongo kwa nyuma, na McKenzie alipomrudia akamkuta anasema mguu hauna neno tena. Wakati huo mkao wa namna ile ulikuwa mwiko. Ninachokipenda katika njia hii ni kwamba mwili wenyewe unakupa jibu palepale, huhitaji kumwamini mtu. Lakini si kila mgongo unataka kupinda nyuma. Wazee wengi ambao mfereji wa uti umekuwa mwembamba hupata nafuu wakiinama mbele, na ukiwalazimisha mwendo wangu utawaumiza. Usinakili mazoezi ya jirani kabla hujapimwa.

Nilikuwa nalala kifudifudi nyumbani kila baada ya saa chache za kazi, mkeka umetandikwa kando ya meza ya kukatia. Wateja walizoea kunikuta sakafuni.

Katikati ya hayo nilikutana na daktari wa upasuaji, nikaenda nikiwa na hofu ya kisu. Akanipa hesabu ya Uholanzi ya mwaka 2007: wagonjwa wenye maumivu makali ya mguu yanayotokana na diski waligawanywa, wengine wakapasuliwa mapema, wengine wakaendelea na tiba ya kawaida. Waliopasuliwa walipata nafuu haraka zaidi. Mwaka ulipotimia makundi yote mawili yalikuwa sawa, ingawa karibu wanne kwa kumi wa kundi la kusubiri waliishia kupasuliwa nao. Alinifundisha pia jambo ambalo sikulitarajia: kipande cha diski kilichotokeza mwili unaweza kukinywea wenyewe, na mara nyingi kile kikubwa ndicho kinachopungua zaidi. Nguvu za mguu wangu zilikuwa kamili, nikachagua kusubiri. Rafiki yangu ambaye unyayo wake ulianza kuburuta alichagua kisu, na naona alichagua sawa. Sindano ya steroidi kwenye uti nilipewa kama njia ya katikati. Nafuu yake huwa ya muda, na kwa kuwa mazoezi yalishaanza kunijibu niliiacha.

Vingine nitavipitia haraka. Kuchuliwa kulinipa raha na usingizi wa siku mbili, na usingizi mwenye maumivu hawezi kuudharau. Mkanda wa kiuno nilikuwa nao. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unashauri usitumike kama tiba ya kawaida, na kwenye kapu hilohilo umetia kuvutwa kwa mashine, mawimbi ya sauti na vifaa vya kupitisha umeme kwenye ngozi. Vilivyotiwa upande wa kukubalika ni mazoezi, elimu, kuchua, kunyooshwa uti kwa mikono, na tiba ya kisaikolojia. Hiyo ya mwisho watu huicheka, lakini hofu ya kuinama ilinikakamaza kiuno muda mrefu baada ya diski kutulia. Godoro gumu kama ubao nalo halina ushahidi. Hispania mwaka 2003 waliona lenye ugumu wa kati ndilo lililowasaidia watu zaidi.

Shingo ilihitaji kitu tofauti kabisa. Kuinyoosha tu hakukutosha, kwa sababu ilikuwa dhaifu. Nilipewa mpira wa kuvuta, mikono inapanda pembeni hadi usawa wa mabega na kushuka polepole. Denmark mwaka 2011 walijaribu mpira huo kwa wafanyakazi wa ofisini na wakaona hata dakika mbili kwa siku zilipunguza maumivu ya shingo na mabega. Mpira wa kiunoni mwa suruali, wa kwangu upo wa kutosha, haufai; unakatika. Pia niliinua meza ya cherehani ili kazi ipande kwenye macho. Kuvunjwa shingo kwa kuizungusha ghafla mpaka ialike, hapana. Ni nadra, lakini mshipa wa damu unaopita kwenye pingili za shingo unaweza kuchanika na kuleta kiharusi.

Kutembea ndiko kulikobaki. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Macquarie, Australia, wa mwaka 2024 uliwachukua watu 701 waliokuwa wametoka kupona kiuno. Waliofundishwa kutembea walikaa siku 208, kwa mtu wa katikati, kabla maumivu hayajarudi. Wengine siku 112. Mimi hutembea kabla ya kufungua kazi, na maumivu yakirudi, maana hurudi, naelekea mkekani siku hiyohiyo na kusikiliza mguu unasema nini.

Kiuno sasa hunipa likizo ndefu. Shingo bado hunung'unika oda zikirundikana, na kwa hilo tiba niliyoipata ni kumwambia mteja nguo haitakuwa tayari kesho.