Paka wangu wawili na wavu wa kuvulia samaki

Kwetu Magomeni hakuna aliyewahi kuuliza paka alale wapi. Nyumba yetu ni ile ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani kwa nyuma na mwembe wake, mlango wa mbele wazi tangu alfajiri mpaka watu wamelala. Paka aliletwa kwa ajili ya panya. Alitoka alipotaka, akarudi aliposikia sufuria ya dagaa inafunuliwa. Marehemu bibi alikuwa akisema paka wa kufungiwa ni mfungwa, nami nililiamini hilo kwa sababu lilikuwa halijanigharimu kitu.

Likaja kunigharimu. Mnawajua wale vijana wanaopita na spika begani, sauti imerekodiwa inajirudia mtaa mzima: panya, mende, kunguni, viroboto! Vipakiti vyao mara nyingi havisemi ndani mna nini. Mtu ananunua, anachanganya na dagaa au kipande cha nyanya, anatega, analala. Asubuhi moja nilimkuta paka wetu, jike wa mabaka ya rangi tatu, amelala mlangoni mwa bafu. Mate yanamtoka kama povu la sabuni, miguu inatetemeka, mboni za macho zimekuwa ndogo kama tundu la sindano. Nikamviringisha kwenye kanga, nikadaka bodaboda. Daktari wa mifugo alipomwona tu alisema ni sumu inayoshika mishipa ya fahamu, akawa anavuta atropini kwenye sindano huku bado ananiuliza kala nini. Hakuwahi. Ile kanga mpaka leo sijaivaa.

Aliacha watoto wawili wa miezi minne: Chausiku, jike mweusi tii, na Tangawizi, dume wa rangi ya chungwa. Nikaapa hawa hawatauona mtaa. Nje kuna sumu, kuna bodaboda, kuna madume yenye nyuso zilizochanika. Ndani kuna mimi.

Kumfungia paka kwenye nyumba ya Kiswahili ni kazi, jamani. Watoto wangu wawili, wa wapangaji watatu, kila mmoja akiingia anauacha mlango kama alivyoukuta. Nilifunga mpira wa tairi nyuma ya mlango ili ujirudishe wenyewe, ukawa unawapiga wageni visigino. Dirishani nondo zipo, lakini wavu wa mbu Tangawizi aliupasua kwa usiku mmoja. Tukaamka mbu wako ndani na paka yuko nje. Choo nacho: nilianza na mchanga wa ujenzi kwenye beseni, ukawa mzito kuumwaga na kila unapokanyaga ukumbini unasikia chengachenga. Fundi seremala wa jirani akanipa maranda ya mbao, gunia zima, bure. Hayo yakafaa, ili mradi ubadilishe kila siku na beseni liwe mbali na sahani ya chakula. Ukiviweka karibu, paka wangu hawa wanaona ni heri sofa.

Wiki mbili baadaye nikiwa nafagia jikoni, nikavuta mtungi wa gesi. Nyuma yake palikuwa na kifuniko cha kopo, na ndani ya kifuniko dagaa watatu wamegandiana na vumbi la kijivu. Mpangaji wa chumba cha nyuma ndiye aliyetega. Siku zote hizo nimewanunia majirani kumbe mauti yalitoka jikoni kwangu, tena nilikuwa nimewafungia watoto wa marehemu humo humo nayo. Sikumfokea, maana mwenyewe alilia. Tuliketi wote wa nyumba ile jioni tukakubaliana: sumu mwiko, tununue mitego ya kubana, na unga na mchele vikae kwenye ndoo zenye vifuniko. Kwa maoni yangu makubaliano yale yamewalinda paka wangu kuliko kufuli lolote.

Lakini sikuwafungulia. Hofu haiondoki kwa kujua ukweli. Tangawizi alipofika miezi saba hivi akaanza kulia usiku, ile sauti ya mtoto aliyepotea, huku anazunguka ukumbi mlango hadi mlango. Kisha akaanza kunyunyiza mkojo: kwenye sofa, kwenye pembe ya kabati, kwenye sare ya shule ya mwanangu iliyokwisha pigwa pasi. Mkojo wa dume aliyebalehe hauogopi sabuni. Tulifua kwa siki, na bado mwalimu akauliza.

Mzee mmoja jirani, ambaye baraza yake inatazamana na mlango wetu, akaniita siku moja natoka dukani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Huyo paka anayelia usiku kucha ana nini? Umesahau habari ya yule mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka?"

Aliyepita madrasa anaijua hadithi hiyo: mwanamke alimfunga paka, hakumpa chakula, wala hakumwachia ajitafutie wadudu wa ardhini.

"Mimi namlisha, mzee. Anakula kuliko mimi."

"Ya kulisha umetimiza. Sasa hicho anacholilia ni chakula?"

Niliingia ndani nimenuna. Nilikuwa na jibu zuri, kwamba mambo mawili yale yanasemwa pamoja, na anayelisha ametoka kwenye lawama. Lakini usiku Tangawizi alipoanza tena, jibu langu likawa halina utamu. Nikajiambia: nikimfungia, basi kila alichokuwa akijipatia mwenyewe huko nje kimekuwa deni langu. Si dagaa peke yake. Jua ni deni, kupanda ni deni, kitu cha kuwinda ni deni, hata kama kitu chenyewe ni kizibo cha chupa kwenye uzi.

Nilirudi kwa daktari yule yule. Kilio kile, alisema, ni cha kutafuta jike. Ahasiwe, ila nisitarajie anyamaze siku hiyo hiyo. Kweli, ilichukua wiki kadhaa. Chausiku naye akafungwa kizazi, maana jike wa miezi mitano au sita anaweza kushika mimba, na mimba yenyewe ni miezi miwili tu. Wote wakachanjwa kichaa cha mbwa. Bei ilinifanya nikohoe, lakini nikakumbuka sofa.

Likabaki suala la uani. Ukuta upo, ila kwa paka ukuta ni ngazi. Nilikuwa Feri nanunua samaki nikaona wavu mkuukuu wa kuvulia umetupwa kando ya ngalawa, mwenyewe akaniuzia kwa bei ya soda mbili. Fundi akasimamisha mirunda juu ya ukuta, imeinamia ndani, tukautundika wavu ukiwa legelege. Siri iko hapo kwenye ulegevu: paka hupenda kukamata kitu kigumu, wavu unaoyumba humkosesha imani, anashuka. Tangawizi aliuchunguza kwa siku nne, ya tano akapanda mwembe akarukia paa la bafu, huyoo. Tukauvisha mwembe bati kiunoni, kama wanavyoivisha minazi kuzuia panya. Hapo akanitazama kwa dharau ambayo sijawahi kuipata hata kwa mawifi.

Utaratibu ukawa huo: uani mchana, ndani kuanzia magharibi. Chakula kikubwa natoa jua linapozama, nagonga kijiko kwenye sufuria, na ndipo mlango unafungwa. Ukiwalisha mchana wakashiba, usiku huna cha kuwaitia.

Chausiku yeye uani alikwenda mara moja tu. Kunguru watatu, wale wenye shingo ya kijivu ambao mababu zao waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, walimshukia kutoka mwembeni; wawili wanampigia kelele usoni, wa tatu anamvuta mkia. Alirudi ndani mwili mzima umevimba manyoya, na tangu siku hiyo mwisho wake ni kizingiti cha jikoni. Anakaa pale na kulitazama jua la mwenzake. Nilimhurumia, nikambeba kumtoa, akanikwaruza mkono. Basi.

Mwezi uliopita mpangaji alisahau mlango wa mbele. Tulimtafuta Tangawizi kwa tochi za simu mpaka mtaa wa pili. Baada ya isha nikasikia hodi. Mzee wa barazani amesimama, mkono mmoja umeshika bakora, mwingine umembeba paka aliyetulia tuli kifuani pa kanzu nyeupe iliyojaa manyoya ya chungwa.

"Nimemkuta kwenye viatu msikitini," akasema. "Haya, mfungie."